Askari Mzee na Nyumba Aliyoisahau

Nimepewa nafasi jioni hii niseme nanyi juu ya jambo ambalo si la furaha, walakini ni haki lisemwe. Nitasema juu ya askari wa zamani ambao uzeeni hupatwa na maradhi ya kusahau, na jinsi maradhi hayo yawezavyo kumtoa mtu katika nyumba yake mwenyewe na kumweka njiani. Maneno yangu mengi yatakuwa juu ya nchi ya Marekani, kwa kuwa huko jambo hili limehesabiwa na kuandikwa sana. Lakini nitaanza nyumbani, maana ndipo nilipoliona kwanza, kabla sijajua kuwa lina jina.

Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa Keya. Aliandikwa mwaka 1942, akiwa kijana wa miaka 19, akapelekwa Ceylon kufundishwa vita vya msituni, kisha Burma. Alikuwa mmoja wa wale walioshuka bonde la Kabaw katika mvua kubwa za mwaka 1944, wakauvuka mto Chindwin mwezi wa Desemba mwaka ule. Watu wa Afrika ya Mashariki waliotumika katika vita ile walipita 300,000. Babu alirudi na blanketi la jeshi, mwandiko mzuri aliofundishwa kambini, na sikio la kushoto lisilosikia, kwa sababu ya kombora lililopasuka karibu naye. Malipo ya uzeeni hakupata. Askari wengi wa Keya walipewa fedha za mkono mmoja tu, wakaambiwa kwaheri. Kwa fedha zile alianza nyumba ya matofali huko kwetu Muheza, na kando yake akapanda michungwa.

Alipofika miaka 77 hivi alianza kuuliza neno lile lile. Asubuhi atauliza, je, basi la Tanga limepita? Tutamjibu, naam, babu, limepita. Kabla hajamaliza kikombe chake cha chai, atauliza tena. Baadaye alianza kuamka saa kumi ya usiku, akalikunja blanketi lake kwa pembe nne kama askari, akasimama mlangoni akingoja kuitwa jina. Mjomba wangu, ambaye ni mtoto wake wa kumzaa, alimwita kwa jina la sajini aliyekufa Burma. Majirani wengine walisema, ni uzee tu, mzee amerudi utotoni. Wengine walinong'ona habari za uchawi, na yuko aliyesema kwamba damu ya vitani humrudia mtu. Hakuna aliyesema kwamba mzee huyu ni mgonjwa, wala mimi sikusema, nami nilikuwa mwanafunzi wa sekondari niliyejiona kuwa najua mengi.

Mwaka 2002 akaja mtu na karatasi. Sitasema alikuwa nani, wala ni nani katika jamaa zetu aliyemwonyesha njia. Ilipofunuliwa, karatasi ile ilisema kwamba babu ameuza nyumba na michungwa yote kwa fedha ambazo hazingenunua hata ng'ombe wawili. Chini yake palikuwa na alama ya kidole gumba. Nataka mlifikiri jambo hilo. Mtu aliyeandika jina lake kwa herufi za kupendeza kuliko zangu mimi mwalimu alikuwa ametiwa wino kidoleni kama asiyejua kusoma. Siku chache baadaye mjomba alimkuta kwenye kituo cha mabasi, blanketi begani. Akamwuliza, “Baba, waenda wapi?” Akajibu, “Narudi kambini. Pale si kwangu tena, nimeambiwa nitoke.” Kila neno lingine la siku ile alilisahau, ila neno la kutolewa nyumbani hakulisahau.

Basi, maradhi haya ni nini? Mwaka 1901, katika mji wa Frankfurt nchi ya Ujerumani, daktari Alois Alzheimer alimpokea mwanamke wa miaka 51 aliyekuwa amesahau hata jina la mumewe. Mwanamke yule alipokufa, daktari aliutazama ubongo wake kwa darubini, akaona umenyauka, na ndani yake mna madoa na nyuzi zilizosokotana ambazo hazipaswi kuwamo. Alizisema habari hizo mbele ya madaktari wenzake mwaka 1906, na toka mwaka 1910 maradhi yale yaitwa kwa jina lake. Si hayo tu. Yako maradhi mengine ya jamii hiyo, kama yale yatokanayo na mishipa ya damu kuziba katika ubongo. Yote pamoja madaktari huyaita dimenshia. Shirika la Afya Duniani lilikadiri kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa nayo, na zaidi ya nusu yao wakaa katika nchi zisizo tajiri, yaani nchi kama zetu. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba ni ugonjwa wa Wazungu.

Kwa kawaida maradhi haya huanza kwa kula mambo ya karibu. Ya zamani hukaa muda mrefu zaidi. Ndiyo sababu babu aliweza kuhesabu maboti ya mto Chindwin, asiweze kukumbuka kama amekula. Tena huharibu utaratibu wa kazi: mtu ajua sufuria, ajua moto, ajua maji, lakini hajui tena kipi hutangulia. Huharibu na hukumu ya mtu, asiweze kumpambanua rafiki na mwizi. Mwishoni hushika mwili wote. Dawa ya kuyaponya haijapatikana, ingawa ziko dawa za kupunguza mwendo wake kwa wagonjwa wengine.

Askari waingiaje hapa? Mwaka 2024 jopo la wataalamu walioandika katika gazeti la madaktari liitwalo Lancet walitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimenshia, wakasema kwamba kama mambo hayo yote yangeondolewa, karibu wagonjwa 45 katika kila 100 wangeepuka au wangecheleweshewa maradhi. Katika mambo hayo mna kuumia kichwani, kupungukiwa na masikio, huzuni nzito, ulevi, kuvuta tumbako, shinikizo la damu, na kukaa peke yako bila watu. Msikilizaji, yatazame tena mambo hayo, kisha umfikirie mtu aliyetoka vitani. Mizinga humvunja masikio. Mshindo wa bomu hutikisa ubongo hata bila kuacha jeraha. Usiku huota waliokufa, naye hunywa ili alale.

Wamarekani wamelipima jambo hili kwa askari wao. Mwaka 2010 ilitolewa habari ya uchunguzi wa askari wa zamani 181,093, wote wenye miaka 55 na zaidi. Katika muda wa miaka 7, wale waliokuwa na maradhi ya hofu ya vita, yaani wanaorudiwa na mambo ya kutisha waliyoyaona, walipata dimenshia 10.6 katika kila 100. Wale wasiokuwa na hofu ile walipata 6.6. Mwaka 2018 uchunguzi mwingine, wa askari zaidi ya 350,000, ulionyesha kwamba hata mtikiso mdogo wa kichwa, usiomfanya mtu azimie, ulikwenda pamoja na hatari iliyozidi maradufu. Hayo hayasemi kwamba kila askari atasahau, wala kwamba mtikiso peke yake ndio uletao maradhi. Wengi hufika miaka 90 na akili zao zote. Bali mzigo wao umezidi wetu.

Sasa nije kwenye nyumba.

Marekani haikuanza jana kufikiri juu ya makao ya askari. Mwezi wa Machi mwaka 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokaribia kwisha, Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria ya kujenga makao ya askari wa kujitolea walioumia. Mwaka 1888 matajiri wawili, Seneta John P. Jones na Bibi Arcadia Bandini de Baker, walitoa ardhi karibu na mji wa Los Angeles ili pajengwe makao ya namna hiyo, na kwa miaka mingi maelfu ya askari walikaa pale, wakapika, wakalima, wakazikwa. Walakini zamani zilibadilika. Makao yalipungua, ikabaki hospitali, na sehemu za ardhi ile zikakodishwa kwa wengine, wakaweka viwanja vya michezo na mahali pa kuegesha magari. Hata mafuta yalichimbwa. Ikafika mwaka 2021, nje ya ua wa ardhi ile ile iliyotolewa kwa askari, kando ya njia iitwayo San Vicente, palikuwa na safu ya mahema ya askari wasio na nyumba, na bendera za nchi yao zimening'inia juu yake. Waliondolewa mwezi wa Novemba mwaka ule. Askari wakaenda hukumuni, na mwezi wa Septemba mwaka 2024 jaji David O. Carter akaamuru serikali ijenge mamia ya makao ya muda na nyumba 1,800 za kudumu katika ardhi ile. Ndivyo ilivyo. Mtu aliyepewa ardhi kwa hati ya mwaka 1888 alilazimika kuidai mahakamani baada ya miaka 136.

Nisiwadhulumu Wamarekani, wamefanya kazi pia. Kila mwaka mwezi wa Januari huhesabu kwa usiku mmoja watu wasio na makao. Mwaka 2010 walihesabu askari wa zamani 74,087. Mwaka 2024 walikuwa 32,882. Upungufu huo si mdogo, na sababu yake kubwa ni mpango wa kumsaidia askari kulipa kodi ya nyumba, pamoja na kumpa mtu wa kumtembelea na kumwongoza. Askari hulipa kama sehemu 30 katika 100 za mapato yake, serikali hulipa zilizobaki.

Lakini mpango huo wote huenda kwa barua. Barua husema, njoo tarehe fulani na cheti chako cha kutoka jeshini. Barua nyingine husema, usipojibu katika siku 30 utaondolewa. Kwa mtu mwenye akili timamu hayo ni usumbufu tu. Kwa mtu anayesahau ni mlango uliofungwa. Hukosa miadi, huonekana mkaidi. Hulipa kodi mara mbili mwezi mmoja, na mwezi wa pili halipi kabisa. Huacha jiko linawaka, mwenye nyumba akaona moshi akamfukuza. Na cheti amekipoteza. Hapo tena liko jambo la ajabu: tarehe 12 Julai 1973 nyumba ya hati za jeshi karibu na mji wa St. Louis ilishika moto, majalada kati ya milioni 16 na milioni 18 yakaungua, mengi ya askari walioachishwa kazi kati ya mwaka 1912 na mwaka 1960. Basi walikuwako wazee ambao habari zao ziliungua serikalini, na baadaye zikafutika vichwani mwao. Nani atawathibitisha?

Tusidhani pia kwamba watu hawa wote ni wazururaji wa siku zote. Huko Oakland, California, wataalamu waliwafuata watu 350 wasio na makao, wenye miaka 50 na zaidi. Watu 44 katika kila 100 walikosa makao kwa mara ya kwanza baada ya kutimiza miaka 50. Yaani walifanya kazi, walilipa kodi, wakaanguka uzeeni: mke amekufa, kazi imekwisha, mwili umechoka. Na kama mmoja katika kila wanne alionekana ana upungufu wa akili katika vipimo. Hawakuwa wote askari, lakini njia ni ile ile.

Tena kukosa nyumba huongeza maradhi. Mimi nililifahamu hili kwa babu kabla ya kulisoma. Katika nyumba yake aliyoijenga, mkono wake ulijua mlango ulipo hata kichwa kilipokuwa hakijui. Alijua mtungi upande wa kulia, kitanda upande wa kushoto, na michungwa mbele. Nyumba ilimkumbukia. Tulipomhamishia kwa mjomba majuma mawili, wakati wa ugomvi wa karatasi ile, alipotea mara tatu, akajikojolea, akampiga mjukuu aliyemdhania adui. Fikirini basi mtu alalaye leo hapa, kesho pale, katika nyumba za hisani ambamo asubuhi kila mtu sharti atoke na jioni apange mstari tena. Dawa zake za shinikizo zimeibwa, halali usingizi kwa hofu, na hakuna amjuaye awezaye kusema, huyu mwezi uliopita hakuwa hivi.

Uko mpango mmoja wa Wamarekani ulionipendeza kuliko mingine. Ulianza katika mji wa Little Rock miaka ya mwisho ya karne iliyopita. Mtu mwema huwapokea nyumbani mwake askari wazee wagonjwa, wasizidi watatu, akala nao meza moja, akawaogesha, na waganga na wauguzi wa serikali huja pale pale kuwatazama. Kwa miaka mingi askari alijilipia mwenyewe, hata sheria ya mwezi wa Januari 2025 ikaruhusu serikali iwalipie baadhi yao. Niliposoma habari hizo mara ya kwanza nilicheka, nikasema moyoni: tazama, wamezunguka dunia nzima ili wafike penye desturi ya bibi zetu! Kisha nikanyamaza kucheka. Maana aliyemshika babu yangu kidole hakutoka Marekani. Alikula kwetu.

Nasi huku hatujawafanyia mengi askari wetu. Wapagazi wa vita ya 1914 waliachiwa jina la Kariakoo, basi. Kwa wazee wa vita ya pili, serikali ya Uingereza ilitangaza fedha mwaka 2018 ili wale walio maskini katika nchi za Jumuiya ya Madola wapate angalau milo miwili kwa siku. Kwa babu zilichelewa miaka 11.

Kama una mzee anayeanza kusahau, mpeleke hospitali mapema, wala usingoje apotee. Yako mambo yanayofanana na dimenshia ambayo hutibika: upungufu wa vitamini fulani, maradhi ya tezi ya shingo, huzuni, homa ya mkojo kwa wazee, hata dawa nyingi zilizochanganywa. Masikio yapimwe, na shinikizo la damu. Akiwa amepigana, au ameumia kichwani, mwambie daktari, maana mzee mwenyewe hatasema. Na juu ya ardhi, ziitwe hati zote mapema, angali anajua alitakalo, ziandikwe mbele ya mashahidi wasio na tamaa. Sheria ya Mikataba ya Tanzania haikubali mapatano ya mtu asiye na akili timamu, na ardhi ya kijiji haiuzwi kwa mgeni gizani bila Halmashauri ya Kijiji kukubali. Watu wengi hawajui hayo, na wanaowadhulumu wazee hutumaini kwamba hawatajua.

Ndivyo tulivyoipata nyumba ya babu. Mjomba alikwenda kwenye baraza akiwa na barua mbili za zamani zenye sahihi ya babu, akaziweka kando ya kile kidole gumba. Mwenyekiti alizitazama, akamwuliza mnunuzi, tangu lini mzee huyu ameacha kuandika? Halmashauri haikuwa imeona wala kukubali mauzo yale. Karatasi ikabatilishwa. Michungwa 14 ilikuwa imekwisha katwa, nayo hatukulipwa.

Babu aliishi humo miaka 5 tena, mpaka mwaka 2007. Hatukumbishia tena habari za kambi. Mjomba, ambaye alikuwa na kazi ya kwenda shamba na hakupenda kuamka usiku, aliamka. Saa kumi alisimama naye mlangoni gizani, babu na blanketi lake lililokunjwa, akamsomea majina: ya watoto wake, ya wajukuu, na ya majirani, mmoja mmoja. Babu aliitikia kwa kila jina, “Yupo.” Jina lake mwenyewe lilisomwa mwisho. Wakati mwingine aliitikia, wakati mwingine mjomba alimwitikia. Kisha walirudi ndani kulala.